Seva Mbili za Orrin Lahti

Wendell Perala alifariki Jumanne asubuhi, sakafuni jikoni kwake, mkewe Ardis akiwa bado na simu sikioni. Simu ile ilipokelewa saa nne na dakika ishirini. Gari la wagonjwa liliingia uani saa nne na dakika arobaini na nane. Na kilichomuuma kila mtu katika Kaunti ya Balsam ni kwamba muda wote huo gari jingine lilikuwa limeegeshwa kilomita sita tu kutoka hapo, wahudumu wake wawili wanakula donati na kusikiliza redio.

Hayo Verna Kangas alikuwa ameyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Ofisi ya jimbo ilimtuma kaskazini na swali moja tu: kwa nini kompyuta za kituo cha simu za dharura zilipofuka zote kwa pamoja, saa nne na dakika kumi na saba, dakika tatu kabla Ardis hajapiga?

Leland Stroud, msimamizi wa kaunti, hakuwa na swali. Yeye alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza, na hii ilikuwa siku ya tatu.

"Darrell Rautio," alisema, akamsukumia Verna karatasi juu ya meza. "Hiyo ni kumbukumbu ya mlango wa chumba cha mitambo. Kadi yake imefungua mlango saa nne na dakika mbili. Robo saa baadaye kila kitu chali. Unataka nini tena, dada?"

"Sababu."

"Alitaka kazi ya Orrin, mkuu wa mafundi wetu wa kompyuta. Orrin Lahti alipofariki mwezi wa kwanza, kijana akadhani kiti ni chake. Nikamwambia asubiri bajeti, akanuna. Muulize mtu yeyote hapa, alinuna."

"Nami nina watu walioninunia, Bwana Stroud. Hawajazima kitu."

Leland hakucheka. "Bodi inakaa kesho saa nane mchana, na milango iko wazi kwa kila mtu. Sherifu anangoja karatasi yako tu amtie kijana pingu. Na Ardis anapaswa kuambiwa ni nani aliyemuulia mume."

"Hapo tumekubaliana," Verna alisema, akaichukua ile karatasi.

Alianzia kwa Bernadine Skalko, mwanamke aliyekaa miaka kumi na tisa kwenye kiti kilekile akipokea simu za watu walio taabani. Ndiye aliyeipokea ya Ardis. Alikuwa amerudi kazini kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumpokea zamu.

"Nieleze ulichokiona," Verna alimwambia. "Ulichokidhania tutakiacha kwanza."

"Niliona ramani inatoweka. Mashine ikaandika kwamba haiipati seva ya ramani. Nikajaribu ya magari, haiipati. Ya kumbukumbu, haiipati. Na zote ziko chumba cha pili, mama, nazisikia kupitia ukuta huu hapa. Zinanguruma. Zi hai kabisa, na mashine yangu inasema haizijui."

"Ukatumia redio."

"Nikaliita gari la hapa mjini, maana ndilo nililojua liko wapi. Lile la karibu lilikuwa limempeleka mgonjwa kliniki, halikuwa mahali pake. Kwenye ramani ningeliona. Kidoa cha kijani, kinawaka." "Ardis tumesoma naye darasa moja. Alikuwa ananiuliza, Bernie, wamefika wapi? Nikamwambia wako njiani. Nilimwambia hivyo mara nne, halafu akaacha kuniuliza."

Verna alimngoja afute macho. Hakuwa na haraka kiasi hicho.

"Kabla ya Jumanne, kompyuta zilikuwa na shida yoyote?"

"Zilikuwa nzito. Unabonyeza, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo inafunguka. Ukitoka hapo mambo sawa, lakini ukiiacha kidogo inarudia uvivu wake."

"Tangu lini?"

"Wiki hivi. Nilimsumbua Darrell mpaka nikajionea haya. Jumatatu nilimwambia akija bila dawa asije kabisa. Ndiyo maana Jumanne alikuja kubadilisha waya."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemwita."

"Mimi. Kwani Leland hakukwambia?"

Leland hakuwa amesema. Verna aliandika: nzito wiki moja, halafu giza. Akalipigia mstari neno wiki, akaenda kumtafuta Darrell.

Alimkuta kwenye gari lake nje ya jengo, maana alikuwa amenyang'anywa kadi na kukatazwa kuingia. Mtu wa miaka thelathini na moja, mwili mkubwa, kofia ya kuwindia imevutwa mpaka kwenye nyusi. Verna alimwingiza kwa kibali chake mwenyewe, na Leland akabaki mlangoni akikunja uso.

Chumba cha mitambo kilikuwa chembamba na chenye baridi. Darrell alisimama katikati mikono mfukoni, asije akaonekana anagusa kitu.

"Nifundishe taratibu," Verna alisema. "Mimi kompyuta yangu ikinikataa huwa naizima na kuiwasha."

"Kompyuta haimpigii mwenzake kwa jina. Inampigia kwa namba. Wewe unabonyeza ramani, yeye lazima kwanza aulize: ramani namba yake ngapi? Anayeulizwa ndiye seva ya majina. Huyo akinyamaza, wengine wote wapo, wazima, na hakuna anayejua pa kuwapata."

"Na mlikuwa naye mmoja tu?"

"Orrin akikusikia atafufuka." Darrell karibu atabasamu, akajizuia. "Wawili. Wa kwanza ndiye mkubwa, daftari la majina ni lake. Wa pili kila saa anamwendea mkubwa, ananakili. Mkubwa akianguka, kompyuta zinamngoja sekunde mbili tatu, zikikosa jibu zinamuuliza wa pili. Ndiyo faida ya kuwa na wawili. Na Orrin hakuwaweka pamoja. Huyu hapa chini ni wa pili. Mkubwa yuko gereji ya zamani ya magari ya theluji, kilomita kumi na moja. Hapa pakiungua, yule anabaki."

"Jumanne huyu alizimika?"

"Hajazimika tangu mwezi wa kumi. Hicho ndicho kinanitia wazimu. Nilichomoa waya mmoja wa zamani, nikachomeka mpya, dakika tano. Nikawa naokota vipande sakafuni, nikasikia Bernadine anapiga kelele. Nikarudisha wa zamani, wapi. Nikamuuliza huyu namba ya ramani, akakataa kunipa. Nikamuuliza mkubwa wa gereji, kimya. Ikabidi niandike namba kwa mkono kwenye kila mashine. Ilinichukua saa mbili. Wendell alikuwa ameshakufa."

"Gereji ulikwenda kuangalia?"

"Leland alinivua kadi kabla sijapata funguo za gari."

Verna aliizungukia ile seva, kisanduku cheusi kisicho na lolote la kutazamwa. "Mashine mbili, majengo mawili, zimeanguka dakika moja. Wewe unaliamini hilo?"

"Silipendi. Maana kama ni kweli, basi kuna mtu aliyezitaka zianguke, na mtu aliyekuwa humu ni mimi peke yangu. Leland si mjinga. Hata mimi ningejishuku."

"Huyu wa pili anaandika kumbukumbu?"

"Kila kitu."

"Basi tumsome. Usianzie Jumanne. Rudi nyuma wiki moja."

Darrell alichomeka kibodi, akaanza kushusha mistari. Verna alimwona bega lake moja likipanda, kisha mkono ukasimama. Kwenye kioo palikuwa na mstari wa Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi: daftari limenakiliwa, hakuna kasoro. Saa tano na dakika kumi na saba: nimemwita mkubwa, hajibu. Saa sita na dakika kumi na saba: nimemwita mkubwa, hajibu. Ikaendelea hivyo, saa kwa saa, mchana na usiku, Ijumaa, Jumapili, mpaka Jumanne ya kifo, saa nne na dakika kumi na saba. Hapo maneno yalibadilika: daftari limepita muda wake, naacha kujibu.

Darrell alikaa juu ya kreti tupu.

"Siku saba," alisema. "Orrin aliweka siku saba. Wa pili akikaa wiki nzima bila kumwona mkubwa, anaacha kujibu, asije akawapa watu namba za zamani zilizokwisha badilika. Ni kawaida hiyo, mama, kila mtu anaweka hivyo. Wiki nzima. Nani atakaa wiki nzima bila kujua mkubwa kafa?"

"Bernadine alijua kuna kitu. Moja, mbili, tatu, ndipo inafunguka."

Darrell aliinua uso. "Walikuwa wanamngoja," alisema polepole. "Kila mashine ilikuwa inamuuliza maiti kwanza, halafu inamgeukia huyu. Na huyu akawa anajibu vizuri hata hatukushtuka. Ningeelewa. Sekunde tatu zilezile, wiki nzima, na mimi nahangaika na waya."

"Waya wako haukuhusika."

"Haukuhusika," alikubali, lakini hakuonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Walikwenda gereji pamoja, Verna akiendesha. Theluji ya kando ya barabara ilikuwa imepanda hadi kiunoni na imeshika rangi ya kijivu. Clayton Bergstad, fundi wa majengo wa kaunti, alikuwa anawasubiri na tochi, kwa sababu ndani hapakuwa na umeme. Seva kubwa ilikuwa kwenye rafu juu ya matairi. Verna alivua glavu moja, akaigusa ile seva. Ilikuwa ya baridi kama lile tairi la chini yake.

"Nilizima mimi," Clayton alisema kabla hajaulizwa. "Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na nusu. Paa hili linabomolewa mwezi ujao. Karatasi ya kazi ninayo, imesainiwa na Leland mwenyewe."

Alimulika sanduku la umeme. Kwenye swichi ya mwisho kulikuwa na kadi iliyofungwa kwa uzi, mwandiko mdogo, wa mtu asiyekuwa na papara: Usizime kabla hujaniuliza. Orrin.

"Uliiona hii?" Verna aliuliza.

"Niliiona."

"Na?"

"Nilisimama hapa labda dakika nzima, mama. Ningemuuliza nani? Mimi ni mmoja wa tuliolibeba jeneza lake." Clayton alihamisha tochi mkono mwingine. "Nikasema, mwenye kadi kaondoka, basi na shughuli yake imekwisha."

"Hukuona umuulize Darrell?"

Mzee Clayton alimtazama Darrell kwa kuomba radhi. "Kadi haikusema Darrell."

Hakuna aliyemgombeza. Verna alipiga picha ya kadi, ya swichi, ya seva, akaandika saa, akamwomba Clayton atie sahihi. Alitia bila kusoma.

Kwenye gari Verna hakuwasha injini. Kulikuwa na jambo moja lililomkera tangu kule chumba cha mitambo, naye hakuwa mtu wa kulala na jambo.

"Orrin aliweka seva mbili," alisema. "Akazitenganisha. Akaweka kadi kwenye swichi. Mtu wa namna hiyo anatengeneza mtambo unaoita saa mia moja na sitini na nane bila kuitikiwa, halafu haumwambii mtu?"

Darrell alikuwa anatazama nje, upande wa miti.

"Ile seva ilimwambia nani, Darrell?"

"Inatuma barua pepe. Kwa Orrin."

"Orrin ana wiki tisa kaburini. Na nimeiona fomu yake ya kuondoka. Barua pepe imefungwa, imewekewa alama, sahihi ni yako."

"Sikuifunga."

Verna alifungua daftari, akaghairi, akalifunga. "Sema."

"Mkewe, Mama Lempi, alikuwa anamwandikia kila siku saa sita. Orrin anafungua sandwichi yake, anasoma, anacheka peke yake. Miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa meza ya pili, ndiyo saa pekee aliyokuwa hatuulizi kitu." "Wiki moja baada ya mazishi nikakaa niifunge. Nikaona barua zake. Mpya. Moja kila siku, saa sita, hakuacha. Ukiifunga akaunti, zinamrudia mwandishi na maneno kwamba hakuna mtu wa jina hili. Mimi nimrudishie mama yule maneno hayo? Nikaweka alama kwenye fomu, nikaondoka."

"Na tangu hapo hukuifungua."

"Ni za watu wawili zile. Niingie nisome nini?"

Hakimu wa kaunti alisaini kibali saa nane na nusu, bila maswali mengi. Waliifungua akaunti ya Orrin Lahti kwenye kompyuta ya karani, Verna ameketi, Darrell amesimama nyuma yake. Zilikuwa zimejipanga kwa saa. Mkubwa hajibu. Mkubwa hajibu. Mkubwa hajibu. Verna alizihesabu zote, kwa sababu ndiyo kazi: mia moja na sitini na saba, na moja ya mwisho, naacha kujibu. Na katikati yake, kila siku saa sita na kitu, barua moja ya Lempi Lahti. Kwa siku zile saba zilikuwa saba. Verna hakufungua hata moja, aliandika idadi na saa tu.

"Zote zilikuwa zinaonekana," Darrell alisema. "Ningeingia mara moja tu. Hata Jumamosi. Hata Jumatatu jioni, ningekwenda gereji, nikawasha swichi, kwisha. Au ile siku ya kwanza ningezielekeza zije kwangu, kazi ya dakika mbili. Niliona jina la Mama Lempi nikakimbia."

"Sikiliza. Ripoti yangu itasema hukuzima kitu chochote. Sherifu hana cha kukukamatia. Itasema jengo lilizimwa umeme kwa karatasi halali, na kwamba tahadhari zilikwenda kwa mtu aliyekwisha fariki." Verna aligeuza kiti. Alikuwa na huruma naye, na hakuona sababu ya kuificha. "Kuhusu akaunti, naweza kuandika idara haikuifunga. Si uongo. Stroud angepaswa kukagua."

"Andika ni mimi."

"Darrell."

"Ardis akiuliza, asiambiwe idara. Idara ataitazama wapi usoni? Andika jina langu, mama. Na kwamba niliidanganya fomu."

Verna aliandika. Mstari ule ulimchukua muda kuliko kurasa zote za nyuma yake.

"Kuna mtu mmoja lazima aambiwe leo," alisema alipomaliza. "Kikao cha kesho ni cha wazi. Leland atazitaja barua zile mbele ya mji mzima."

Lempi Lahti aliwafungulia mlango wa jikoni akiwa na aproni. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, na mbwa mzee alimfuata kila alipokanyaga. Aliwawekea kahawa na mkate mtamu wa iliki bila kuwauliza wamekuja kufanya nini, kisha akaketi, akaiweka mikono mezani. Darrell alikaza macho kwenye kikombe chake. Ikabidi Verna aeleze: seva, kadi, umeme, tahadhari zile za kila saa, na mahali zilipokuwa zikiangukia. Alieleza kwa maneno mafupi.

"Kwa hiyo zilikuwa zinafika," Lempi alisema mwishoni.

"Zilifika zote, mama," Darrell alisema. "Sikuzisoma. Hata moja. Nakuapia, sijawahi kufungua hata moja."

"Na hizo za mashine zilikuwa humohumo, pamoja na zangu?"

"Humohumo."

"Ukifungua zangu, unaziona."

"Hata bila kufungua. Nikiingia tu, naziona."

Lempi hakuwa na hasira. Alinyoosha mkono akampangusia theluji iliyoyeyukia begani, kama alivyokuwa akiwafanyia watu wote waliopita jikoni kwake.

"Nilimwandikia habari za mbwa," alisema. "Mbwa kala nini, theluji imefika dirisha gani, nimepika nini. Hakuna siri mle, mwanangu. Ungeingia tu."

Darrell alivua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili, akaanza kulia mbele ya wanawake wale wawili. Hakuna aliyemwambia anyamaze.